“Njoo Texas, Huku Hakuna Kodi”

Mtu wetu aliyeko Massachusetts au California akianza kulalamikia gharama za maisha, ushauri wa kwanza anaopewa kwenye simu ni huo: njoo Texas, huku hakuna kodi. Anayeutoa ana nia njema, na ushahidi anao mkononi. Ni karatasi yake ya mshahara, ambayo mstari wa kodi ya jimbo haupo kabisa.

Karatasi hiyo haisemi uongo, ila inasimulia kipande tu cha habari. Nimeona familia zikifunga virago kwa kuitegemea, kisha mwaka wa pili zinashangaa pesa zinapitia wapi. Ndiyo maana nataka tulifungue jambo hili taratibu, tuone kodi ya majimbo ya Marekani inakatwa wapi, inamkata nani, na kwa nini sifa ya jimbo na mzigo halisi wa mkaaji wake vinaweza kupishana mbali.

Tuanze na lililo kweli. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na mwaka 2019 wapiga kura wake waliiweka marufuku hiyo ndani ya katiba ya jimbo. Mishahara haikatwi kodi ya jimbo pia Florida, Tennessee, Nevada, Wyoming, South Dakota, Alaska na New Hampshire. Jimbo la Washington nalo haligusi mishahara, ingawa tangu 2022 linatoza faida kubwa zinazotokana na kuuza hisa na mali za aina hiyo. Makato ya serikali kuu hayakwepeki: kodi ya mapato ya shirikisho, asilimia 6.2 ya Social Security (mfuko wa pensheni) na asilimia 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee) zinakufuata uwe Houston, Boston au Anchorage. Kwa hiyo anayesema “hakuna kodi” anazungumzia kodi moja ya ngazi moja ya serikali.

Lakini Texas ina shule, ina barabara, ina polisi na zimamoto. Pesa za kuviendesha zinatoka mahali fulani.

Hazina za majimbo na miji ya Marekani zimekaa kama chungu juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kodi ya mapato, inayokatwa kwenye mshahara na faida. La pili ni kodi ya mauzo, inayoongezwa dukani. La tatu ni kodi ya majengo, inayotozwa kila mwaka kwa thamani ya nyumba na ardhi, na hiyo ndiyo inayobeba shule za mtaani kwako. Ukiliondoa figa moja, chungu hakipungui uzito. Yaliyobaki ndiyo yanayoelemewa.

Kodi ya mauzo inawachanganya wageni kwa sababu hatukuizoea kwa sura hiyo. Kenya na Tanzania, VAT imeshaingizwa kwenye bei unayoiona rafuni. Marekani bei ya rafuni haina kodi, nayo huongezwa unapofika kwa keshia. Texas inatoza asilimia 6.25 kama jimbo, miji na mamlaka za usafiri zinaruhusiwa kuongeza hadi 2, na Houston, Dallas, San Antonio na Austin zote zimefika kikomo cha 8.25. Vyakula vya kupika nyumbani havitozwi. Fanicha, nguo, matairi, simu na sahani ya chakula cha mgahawani vinatozwa.

Figa la majengo ndilo linalotupiga chenga zaidi, na nadhani Kiswahili kinaweza kutusaidia kulielewa kuliko Kiingereza. Kwetu neno kodi ni moja. Kodi ya nyumba ni pango unalomlipa mwenye nyumba. Kodi ya majengo ni ile mwenye nyumba anayoilipa serikali. Kiingereza kimeyatenganisha mambo hayo mawili, na mpangaji wa Kimarekani anaamini kwamba yeye, kwa kuwa hana nyumba, halipi kodi ya majengo. Anailipa. Mwenye nyumba anapopokea bili ya kaunti haitoi mfukoni mwake mwaka hadi mwaka. Sehemu yake kubwa anaipandisha kwenye pango. Kodi moja imejificha ndani ya kodi nyingine.

Texas ni miongoni mwa majimbo yenye viwango vikubwa vya kodi ya majengo nchini. Ukijumlisha kaunti, wilaya ya shule, jiji, hospitali ya umma na mamlaka nyinginezo, si ajabu jumla ikagonga asilimia 2 ya thamani ya nyumba au kuipita. Katika mitaa mipya nje ya miji kama Houston huongezeka pia kodi ya wilaya ya huduma za maji na mifereji, inayotozwa kulipia mabomba yaliyochimbwa mtaa ulipoanzishwa. Nyumba ya dola 300,000 inaweza kuleta bili ya dola 4,000, 5,000, hata 6,000 kwa mwaka, kulingana na mtaa. Jimbo linatoa nafuu kwa anayeishi katika nyumba yake mwenyewe: tangu 2023 walau dola 100,000 za thamani ya nyumba hazihesabiwi katika kodi ya shule. Nafuu hiyo haipewi jengo la kupangisha. Mpangaji anaishi kwenye jengo linalotozwa kwa thamani yake yote.

Sasa tugeuke California, jimbo ambalo jina lake peke yake linamfanya mtu ashike mfuko. Kiwango chake cha juu cha kodi ya mapato ni asilimia 13.3, kikubwa kuliko cha jimbo lolote. Hicho ndicho kinachotajwa kwenye televisheni na kwenye hotuba za wanasiasa wa majimbo mengine. Kisichotajwa ni kwamba kinaanza kwenye mapato yanayozidi dola milioni moja. Ngazi za California zinaanzia asilimia 1 na kupanda polepole. Mseja aliyepata mshahara wa dola 40,000 mwaka 2024, baada ya punguzo la kawaida, alidaiwa kodi ya mapato ya jimbo ya takriban dola 600. Ongeza mchango wa bima ya ulemavu wa asilimia 1.1, dola 440 hivi. Mume na mke wenye watoto wawili waliopata jumla ya dola 60,000 mwaka huo walifika sifuri, kwa sababu nafuu za watoto zilizidi kodi yenyewe. Nimerudia hesabu hiyo mara mbili, kwa sababu inakwenda kinyume na kila tunachoambiwa.

Na kodi ya majengo ya California iko chini. Tarehe 6 Juni 1978, wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13, lililopiganiwa na Howard Jarvis, mwanaharakati wa kupinga kodi. Likaweka kikomo cha asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Matokeo yake ni majirani wawili wenye nyumba za kufanana, mmoja alinunua 1985 na mwingine 2022, wa pili akilipa mara nyingi ya anacholipa wa kwanza. Kwangu hilo ni dhuluma dhidi ya anayeingia leo, na wanaoingia leo ni vijana na wahamiaji.

Hapa inanibidi niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Ile familia ya dola 60,000 isiyolipa kodi ya mapato haitanunua nyumba Los Angeles wala San Jose, na pango litaimeza. Wengi wanaosema wamekimbia kodi ya California wamekimbia bei ya nyumba. Ni sababu nzito, ya kuheshimiwa, lakini si kodi. Mmoja wao akihamia Houston akapata nyumba kwa nusu ya bei, ameokoa pesa kweli, na atawaambia wenzake kwamba aliyeziokoa ni gavana wa Texas, ilhali kilichomwokoa ni wingi wa ardhi na kasi ya ujenzi.

Kutegemea matajiri nako kuna bei yake kwa California. Miaka mingi, asilimia moja ya walipakodi wa juu kabisa hutoa kati ya asilimia 40 na 50 ya kodi yote ya mapato ya watu binafsi. Soko la hisa likinawiri, hazina inafurika. Likikohoa, hazina inaugua. Mei 2022 Gavana Gavin Newsom alitangaza ziada iliyokaribia dola bilioni 100. Januari 2023 alirudi na upungufu wa bilioni 22.5.

Ni nani basi mwenye mzigo mkubwa? Hapa ndipo orodha mbili maarufu zinapogongana, na watu hurushiana moja bila kuiona nyingine. Taasisi ya Tax Foundation inachukua kodi zote za majimbo na miji zinazolipwa na wakazi wa jimbo, inazigawa kwa mapato yao yote. Katika hesabu yake ya mwaka 2022, New York iliongoza kwa asilimia 15.9, Connecticut ikafuata na 15.4, California 13.5, wastani wa nchi 11.2, Texas 8.6, na Alaska chini kabisa na 4.6. Ukisoma orodha hiyo peke yake, Texas imeshinda.

Taasisi ya ITEP (Institute on Taxation and Economic Policy) inauliza swali jingine: katika kila jimbo, maskini anatoa sehemu gani ya kipato chake, na tajiri sehemu gani? Katika ripoti yake ya Januari 2024, asilimia 20 ya wakazi wa Texas wenye kipato cha chini kabisa walitoa asilimia 12.8 ya kipato chao, na asilimia moja ya juu walitoa 4.6. California, wa chini walitoa 11.7 na wa juu 12.0. Florida, wa chini 13.2 na wa juu 2.7. Yaani mfagizi wa hoteli ya Miami anabeba kodi nzito, kwa kulinganisha na kipato chake, kuliko mfagizi mwenzake wa Los Angeles. Jimbo la Washington, ambalo wengi hulihesabu kuwa la kimaendeleo, lilikuwa na 13.8 kwa wa chini na 4.1 kwa wa juu.

Hakuna orodha kati ya hizo mbili inayodanganya. Wastani unamchanganya mwenye benki wa Manhattan na dereva wa teksi wa Bronx katika sufuria moja, na kwa kuwa New York inamtoza sana mwenye benki, na jiji lenyewe lina kodi yake ya mapato juu ya ile ya jimbo, wastani unapaa. Dereva akisoma 15.9 anadhani ni yake. Alaska nayo iko chini kwa sababu mafuta yanailipia. Ilifuta kodi ya mapato mwaka 1980, na tangu 1982 inawagawia wakazi pesa kutoka mfuko wake wa kudumu; mwaka 2022 kila mmoja alipata dola 3,284. Huwezi kuichukua sera ya Alaska ukaipeleka kwenye jimbo lisilo na mafuta. Nevada inategemea meza za kamari za wageni, Florida inategemea watalii. Ukiwa mkaaji unafaidi kodi ya mpita njia, na sifa anapewa mbunge.

Sifa mbaya nayo hudumu kuliko sababu yake. Massachusetts ilibandikwa jina la Taxachusetts tangu miaka ya 1970, na jina hilo bado linatembea. Mwaka 1980 wakazi walijipigia kura Pendekezo la 2½, likaufunga mkono wa miji katika kodi ya majengo. Kodi ya mapato leo ni asilimia 5 kwa karibu kila mtu, na tangu 2023 wanaozidi dola milioni moja wanaongezewa 4 juu ya kinachozidi. Kodi ya mauzo ni 6.25, sawasawa na kiwango cha jimbo la Texas, na miji ya Massachusetts hairuhusiwi kurundika ya kwake juu ya bidhaa za kawaida dukani. Nguo ya hadi dola 175 haitozwi, na chakula cha kupika hakitozwi. Katika ile orodha ya wastani, Massachusetts ilikuwa na 11.5, pua na mdomo na wastani wa nchi. Ukinunua mfuko wa mchele Boston, hakuna kodi. Ukiununua Memphis, katika Tennessee isiyokata mshahara, unalipa asilimia 4 ya jimbo na 2.75 ya wenyeji, na bidhaa nyingine hapo hapo zinafika 9.75.

Wakenya wa Lowell, Massachusetts, wanaujua mchezo huu vizuri kuliko waandishi wa ripoti, kwa sababu wanaishi ukingoni mwake. Kaskazini yao, mwendo usiozidi nusu saa kwa gari, iko Nashua, New Hampshire, ambako kodi ya mauzo haipo. Jengo la maduka la Pheasant Lane limesimama Nashua mpakani kabisa, na sehemu ya maegesho yake imo Massachusetts. Jumamosi watu huvuka kununua televisheni. Kwa sheria, bidhaa ukishaileta kuitumia nyumbani Massachusetts unadaiwa kodi yake, na kwa gari hakuna ujanja, kwa sababu utailipa utakapolisajili.

Wapo wanaotaka kuvuka moja kwa moja, na hao ningewaomba wahesabu kwanza. New Hampshire haina kodi ya mauzo, haikati mshahara, na mwanzoni mwa 2025 ilifuta hata ile ya riba na gawio. Figa moja limebeba karibu chungu kizima. Kodi ya majengo yake ni kati ya nzito nchini, na shule zinaitegemea kiasi kwamba mji wenye nyumba za bei ya chini unajitoza kiwango kikubwa ili upate kidogo. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ililishughulikia suala hili katika kesi ya Claremont mwaka 1997, na mabishano hayajaisha. Kisha lipo la ajira: ukilala Nashua na kufanya kazi hospitali ya Boston, Massachusetts inakukata asilimia yake 5 kwa kazi uliyoifanya kwake. New Hampshire iliishtaki Massachusetts mwaka 2020 kwa kuwakata waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani wakati wa korona, na Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Anayehama namna hiyo anaweza kujikuta analipa kodi ya mapato ya jimbo moja na kodi ya majengo ya jingine.

Ukishuka kuelekea Washington, D.C., unakutana na bili ambazo hakuna aliyekutajia. Maryland, kaunti unayoishi inakata asilimia yake ya mapato juu ya ile ya jimbo. Virginia, kaunti au jiji lako linakutumia kila mwaka bili ya gari lako, kwa thamani ya gari lenyewe, mbali na ada ya usajili. Kodi hiyo iliwachukiza wenyeji kiasi kwamba mwaka 1997 Jim Gilmore alishinda ugavana kwa kuahidi kuifuta. Jimbo likaanza kulipia sehemu. Kodi bado ipo.

Kwa nini basi kodi ya mapato ndiyo inayoharibu jina la jimbo kuliko nyingine? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu inaonekana. Imeandikwa kwa tarakimu kwenye karatasi ya mshahara kila baada ya wiki mbili. Kodi ya mauzo inadondoka senti kwa senti kwenye risiti mia tunazozitupa. Ya majengo inajificha ndani ya pango, au ndani ya rejesho la mkopo, kwa kuwa benki huikusanya mwezi kwa mwezi na kuipeleka yenyewe kwa kaunti.

Kuna jingine ambalo mtu mwenye kipato kidogo hapaswi kuliacha nje ya hesabu, nalo ni anachopewa. Texas, Florida na Tennessee zimekataa kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu, hata akiwa maskini kiasi gani, kwa kawaida hapati bima hiyo huko. Massachusetts, California na Minnesota anaipata. Minnesota, yenye kiwango cha juu cha asilimia 9.85, ilipitisha sheria mwaka 2023 kwamba kila mwanafunzi ale shuleni bila malipo. Dola mia chache za kodi ya jimbo na safari moja ya wodi ya dharura bila bima si vitu vya kupimwa kwenye mizani moja, na mimi ningekuwa na afya tete nisingeshawishika na karatasi ya mshahara.

Mwenye kipato kikubwa hesabu yake ni nyingine. Mhandisi wa dola 250,000 anayetoka San Francisco kwenda Austin ataokoa pesa nyingi za kodi ya mapato, hata baada ya bili ya majengo. Sifa ya Texas ni kweli kwake. Tatizo linaanza pale ushauri wake unapomfikia mhudumu wa wazee wa dola 18 kwa saa kana kwamba wanavaa kiatu kimoja.

Kwa ambao mmeshahamia Texas na mnatafuta nyumba, yapo mambo mahususi ambayo madalali hawayasemi wasipoulizwa. Nyumba mpya kabisa mara nyingi hutozwa mwaka wa kwanza kwa thamani ya kiwanja kitupu. Mwaka wa pili kaunti inalihesabu jengo, na malipo ya mwezi yanaweza kuruka kwa mamia ya dola. Omba kujua jumla ya viwango vyote vya mtaa huo, vizidishe wewe mwenyewe kwa bei ya nyumba, usitegemee bili ya mwaka uliopita. Notisi ya thamani ikija, mara nyingi mwezi wa nne, unayo haki ya kuipinga, na mwisho kwa kawaida ni tarehe 15 Mei. Watu wanaipinga na kupunguziwa, hata bila wakili, kwa kupeleka picha za kuta zilizopasuka na bei za nyumba jirani zilizouzwa.

Na ile nafuu ya anayeishi nyumbani kwake, inayoitwa homestead, haiji yenyewe, lazima uiombe. Ukishaipata, thamani inayotozwa kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Zipo kampuni zinazokutumia barua zenye sura ya kiserikali zikitaka malipo ili zikujazie fomu. Usizilipe. Fomu hujazwa bure katika ofisi ya uthamini ya kaunti yako, na kama umeishi humo bila kuijua, unaweza kuiomba hadi miaka miwili ya nyuma na kurudishiwa ulichozidisha.